Muhogo Uliosingiziwa

Mwezi uliopita nilirudi Kigoma kumzika mama. Baada ya matanga niliteremka Gungu, mtaa wetu, hadi kwenye kijito tulichochota maji utotoni. Sasa wamekijengea mfereji wa zege, lakini harufu ni ileile. Nilisimama pale hasira zikanipanda upya, ndugu yangu, kana kwamba mambo yale yalitokea jana.

Baba alikuwa bwana afya, aliyeletwa kutoka Dodoma. Chumba cha uani kwetu alipanga jirani, mama wa Kirundi aliyekimbia vita kwao. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yangu kuloweka muhogo: unachimba shimo kando ya kijito, unaupanga humo, unaufunika kwa majani na mawe, siku ya nne unautoa umelainika. Shimo lilikuwa moja, nyumba mbili. Ugali wake ulikuwa mweupe, unavutika, tukiula kwa migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Sijala tena ugali kama ule.

Juu ya kijito kulikuwa na bwawa la majitaka ya mji, limejaa mpaka linamwagika. Gari la kunyonya vyoo likikuta bwawa halipokei, linafungulia mpira wake bondeni, moja kwa moja. Watoto wote tulijua. Tulilipita tukienda shule, tunaziba pua na kucheka.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, watu wakatafuta mchawi, wakampata mkimbizi. Eti muhogo wake umeozesha maji! Kigoma hii, ambako kila bibi wa Kiha ameloweka muhogo tangu ajue kutembea! Jirani alikuja barazani kwetu, amejifunga kitenge vizuri kama anayekwenda kanisani.

"Bwana afya," alisema, "muhogo unanuka siku ya tatu, ya nne, basi. Maji haya yananuka kila siku. Panda kule juu, uone mwenyewe."

Baba aliangalia viatu vyake. Akasema atafuatilia.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa mtaa aliniuliza mbele ya watu kama nimemwona huyu mama akiloweka muhogo kijitoni. Nikasema ndiyo. Ndiyo tu. Sikusema kwamba na wetu umo mlemle. Mama yangu alinikazia macho, nikanyamaza, binti mwenye adabu zake. Msema kweli mpenzi wa Mungu, tulifundishwa shuleni. Msema nusu ni mpenzi wa nani, mwalimu hakutuambia.

Wakampakia kwenye lori la kwenda kambini asubuhi ileile, kwa karatasi yenye sahihi ya baba. Shimo likafukiwa. Wagonjwa hawakupungua, na gari la vyoo liliendelea kuja kama kawaida.

Leo hakuna anayeloweka muhogo pale. Unga tunanunua dukani umeshasagwa, na jirani wa ukuta kwa ukuta hujui amekula nini. Jioni ile, nilipotoka kijitoni, nilimuuliza baba kwa nini hakusema habari za bwawa. Ni mzee sasa, alistaafu na kujenga palepale Gungu. Hakukana.

"Ningesema, wangenihamisha," alijibu.

Wangetuhamisha, ndugu yangu. Kwa barua, na gari la kubebea makochi.