Wali wa Wapandaji

Ratiba niliichapa mwenyewe, kwa hiyo hata nikitafuta mtu wa kumlaumu simpati. Saa mbili kamili, kuondoka Pasiansi. Saa nne, kuwasili na kusalimiana. Saa nne na nusu, kutembelea majaruba na kujifunza upandaji wa mpunga. Saa saba, chakula cha asili. Saa tisa, kuagana. Mstari wa chakula niliuandika kwa herufi nene, maana nawajua wenzangu.

Tulikuwa kumi na wanane, kikundi cha kusoma vitabu cha hapa Ilemela: walimu wa sekondari, wastaafu wachache, na mimi, ninayeandika makala ambazo mke wangu husema zina maneno mengi kuliko wasomaji. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki tukijadili maisha ya kijijini kwa uchungu mkubwa, mpaka siku moja mtu akauliza ni nani kati yetu aliyekanyaga tope mwaka huo. Pakawa kimya. Mimi, ambaye kimya hunishinda, nikajitolea. Nikasema shangazi yangu, dada yake marehemu baba, analima mpunga Misungwi, na kwamba jambo lenyewe nalifahamu vizuri kwa sababu ndilo nililoandikia tasnifu chuo kikuu. Na kweli niliandika. Sura ya tatu yote inahusu vikundi vya kupanda kwa zamu: leo watu wote kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba hatakiwi kutoa kitu kingine zaidi ya chakula. Sura hiyo ilisifiwa. Naikumbuka mpaka leo, na hapo ndipo panaponiuma.

Wiki moja kabla nilimpigia shangazi simu.

"Shikamoo shangazi. Tungependa kuja Jumamosi kuona mnavyopanda."

"Marahaba, baba. Njooni. Jumamosi nina watu shambani."

"Na chakula kitakuwepo?"

"Kitakosekanaje? Si nimekwambia nina watu?"

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaandika: chakula cha asili.

Hatukuondoka saa mbili. Katibu wetu, mwalimu wa jiografia mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira na ambaye bado hutembea na kipaza sauti, alikuwa ameagiza fulana za safari, na fulana zilikuwa bado kwa mchapaji. Tukazisubiri. Zilipofika zote zilikuwa za saizi moja, ya mtu mwembamba, na kati yetu hakuwepo. Ikabidi zijaribiwe, zibadilishwe, zivutwe. Tukatoka saa nne kasoro, tumebanwa vifua. Usagara tukasimama kununua maji, tukaishia kununua matikiti. Njiani, ili muda usipotee bure, niliwafundisha salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Waliishika vizuri. Tulipoteremka kwenye Kosta, basi dogo tulilokodi, kumi na wanane kwa sauti moja tukaita "Mwangaluka!" Ilikuwa saa sita na nusu mchana.

"Kumbe mjini ndiyo kwanza kunakucha?" sauti ya mwanamke ikajibu kutoka shambani, na tope zima likacheka.

Shamba la shangazi linateremka kutoka kwenye mawe hadi mbugani kwa majaruba saba, moja chini ya jingine, kama ngazi pana za mtu asiye na haraka. Kila jaruba limezungushiwa kingo za udongo. Maji ya mvua yakilijaza la juu, ukingo unafunguliwa kidogo yashuke kwenye linalofuata. Siku ile manne ya juu yalikuwa yameshapandwa. Watu kama ishirini, waliokuwa wameingia shambani kabla jua halijachomoza, walikuwa wanamalizia la tano, wameinama, wanarudi nyuma kwa mstari huku wakiimba. Yalibaki mawili ya chini, ambayo ndiyo makubwa na ndiyo yenye maji. Juu ya kingo zake miche ilikuwa imelazwa kwa mafungu, imeshang'olewa kitaluni alfajiri, mizizi imefunikwa majani.

Shangazi, anayekaribia miaka sabini, alitoka topeni akanigusa mkono kwa kiwiko chake, kwa kuwa viganja vilikuwa vimejaa tope la kazi. Akanionyesha yale mafungu. "Hiyo ndiyo miche yangu yote, baba. Kitaluni hakuna kilichobaki. Mvua imekata siku ya nane leo, na maji unayoyaona yananywewa na ardhi. Leo tukimaliza, nimepata mwaka."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Katibu naye alikuwa ameshawasha kipaza sauti.

"Samahani ndugu zetu! Tunaomba mrudie wimbo kutoka mwanzo, halafu mpande mkituangalia sisi!"

Kiongozi wa kikundi, mama mrefu, sketi ameifunga magotini, yule yule aliyetujibu salamu, hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, anayepanda hurudi nyuma. Tukikuangalia wewe tutaipanda miche kichwani mwako."

Wenzangu wakajipanga juu ya kingo kupiga picha. Niliwaambia wasikanyage kingo mbichi. Nilisema mara mbili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa nyumbani kwake. Mwalimu mmoja wa hesabu akateleza akazama hadi mapajani, fulana mpya na simu mkononi.

"Huyo naye amepandwa!" akasema mmoja wa wapandaji.

"Mwacheni," akajibu kiongozi, "atachipua."

Kufika saa saba na robo jua lilikuwa limetushinda. Tulikuwa tumejifunza kwa dakika arobaini na tano. Wenzangu wakaanza kuniangalia kwa namna ambayo wasomaji wa ratiba humwangalia mwandishi wake, nami nikawaongoza kupanda kilima kwenda nyumbani kwa shangazi.

Huko alikuwepo shemeji yangu, mke wa mtoto wa shangazi, peke yake na masufuria mawili ambayo ningeweza kuogea ndani yake. Wali, na mbuzi mzima aliyechinjwa usiku uliopita. Alitukaribisha, akatuletea maji, akatuletea viti, kisha akanivuta pembeni karibu na jiko.

"Shemeji, wageni wale sasa, au tuwasubiri wa shambani?"

Swali hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani. Alilisema polepole, uso ameuelekeza kwenye sufuria. Alikuwa ananipa nafasi. Mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo hawezi kuwanyima chakula wageni kumi na saba wa shemeji yake msomi; mtu pekee pale uani aliyeweza kusema "tusubiri" alikuwa mimi. Nami niliangalia saa.

"Wale sasa," nikasema. "Ratiba imeshachelewa. Wa shambani watakula baadaye."

Tukala. Tulikula kama watu waliopanda. Kila mtu alisema mchele wa hapa una harufu ambayo wa sokoni hauna, na aliyesema hivyo aliongezwa. Na mimi, katikati ya chakula, mfupa mkononi, nikasimama kuwaeleza sura ya tatu. Nilisema kwamba katika upandaji wa zamu chakula si mshahara bali ni ahadi. Anayekula amekubali kazi, na anayeifanya kazi hawezi kunyimwa chakula. Katibu akaniomba nirudie sentensi hiyo ili aiandike. Nikairudia. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwiko, ananisikiliza.

Wapandaji walikuja saa nane, wameshanawa kwenye dimbwi, wanacheka. Walikuwa wamemaliza jaruba la tano na wamekuja kula ili warudi kwa mawili yaliyobaki. Kiongozi alifunua sufuria la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili. Chini kulikuwa na ukoko na mchuzi usiotosha watu watatu.

"Mke wa mtu," akamwambia shemeji, "tumekosea nyumba?"

Shemeji akasema atasonga ugali mara moja, unga upo. Kiongozi akamgusa bega. "Unga weka, dada. Kosa si lako." Akatuangalia sisi, fulana kumi na nane za rangi moja. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Hatuna ugomvi na mtu. Kazi ya nusu siku tumeifanya kwa heshima ya mama. Hiyo nusu nyingine ina wenyewe. Waliokula wapo, na miguu naona wanayo."

Nikamwomba warudi kesho. Akaniambia kesho wako kwa mwingine, na keshokutwa kwa mwingine, zamu zimejaa mpaka mwisho wa juma lijalo, na miche ya huko nayo itakuwa imeng'olewa. Wakamuaga shangazi mmoja mmoja, kwa adabu zote, wakaondoka na njaa yao.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakamua sketi yake. Akaniangalia.

"Baba, si ulikuja hapa ukanihoji siku tatu kuhusu jambo hili hili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikuona unaandika."

Nikawaeleza wenzangu hali ilivyo, bila kipaza sauti. Ikaanza mijadala, na kwa mijadala kikundi chetu hakijambo. Mmoja ana mgongo. Mmoja ana presha. Mmoja akapendekeza tuchange tuwalipe vibarua, nami nikamuuliza vibarua wapi, wakati kila mwenye mikono amechukuliwa na zamu. Katibu akakumbusha kuwa dereva ana abiria wengine jioni. Hata hivyo kumi wakashuka nami hadi jaruba la sita, wakavua viatu, wakapiga picha wakiwa wamevua viatu, na wakapanda. Shangazi aliwaonyesha: miche miwili au mitatu, vidole vinaitangulia mizizi, ingiza, achia. Wakacheka sana kwa robo saa. Ndipo honi ya Kosta ikalia kule juu, na nikaona jinsi watu wazima wanavyoweza kunawa haraka.

"Unabaki?" katibu akaniuliza.

"Nimekula," nikamjibu.

Akadhani namtania.

Tulibaki watatu, shangazi, shemeji na mimi. Ninayo shahada ya pili, na mche wangu ulikuwa ukiingia unatoka. Nikiusukuma sana unazama mpaka shingoni. Nikiuachia mapema unaelea, unanigeukia, unakwenda zake. Nilikuwa nikifika mwisho wa mstari naona nyuma yangu, au tuseme mbele yangu, kwa vile tunarudi nyuma, miche yangu imelala juu ya maji kama watu wa pwani likizoni. Shangazi alikuwa akipita pale pale nilipopita, bila neno, anachomeka upya. Baadaye neno likamtoka.

"Wewe unapanda mara moja, mimi napanda mara mbili. Sogea ukabebe mafungu."

Nikawa mbeba mafungu. Nilifanya kazi hiyo kwa hasira, na hasira yote ilikuwa na anwani moja. Nilitaka sana aliyeharibu awe katibu na fulana zake, au Kosta, au mwalimu wa hesabu. Kila nilipoinama kuchukua fungu nilijikuta nimerudi pale jikoni, shemeji ananiuliza polepole, nami naangalia saa.

Giza lilipoanza kuingia tulikuwa tumemaliza jaruba la sita. La saba, kubwa kuliko yote, tulilala hatujaligusa. Alfajiri tukaingia tena. Tukapanda nusu yake kabla jua halijawa kali, na hapo miche iliyobaki ilikuwa imeshaanza kuwa ya njano, mizizi imelegea kama nyuzi za nguo kuukuu. Shangazi akachukua fungu moja, akaligeuza, akalirudisha kwenye kingo.

"Hii imeondoka," akasema. Akapanda kilima kwenda kuangalia ng'ombe.

Nilirudi Pasiansi mchana huo, nimepinda mgongo. Kwenye kundi letu la simu picha zilikuwa zimefika mia na kitu. Iliyopendwa kuliko zote ni ya sahani. Wiki iliyofuata katibu akanitumia rasimu ya ripoti, kurasa nne, akaniomba niongeze aya moja ya "tulichojifunza". Aliniwekea na ile sentensi yangu kuhusu ahadi, jina langu chini yake. Nilimwambia aitoe. Alisema ndiyo sentensi nzuri kuliko zote. Ripoti imetoka nayo.

Mwezi wa nne nilipita Misungwi kwenye msiba, nikachepuka kuangalia. Ukisimama kwenye mawe unaona majaruba matano yamenyooka, la sita limepinda kama maandishi ya mtoto, na la saba nusu kijani, nusu maji matupu. Upande wa maji shemeji alikuwa anatega kambale. Aliniuliza kama wageni wangu hawajambo.

Kila mwaka, baada ya kuvuna na kukoboa, shangazi huniletea kiroba cha mchele kwa gari la mtu anayekuja mjini. Amefanya hivyo tangu nilipooa. Mwaka huu mwezi wa saba ukaisha, wa nane ukaisha. Nilikuwa nampigia kumjulia hali na wala sikukusudia kuuliza, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Baba, kuhusu ule mchele wako wa kila mwaka."

"Ndiyo, shangazi."

"Wa mwaka huu ulishaula. Siku ile."

Alikuwa anacheka, ila si sana. Nikasema ni kweli, shangazi, nimeula, na ulikuwa mtamu. Nikamsikia anafukuza kuku. Kisha akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, kwa sababu yule mama wa kikundi amekwisha kuuliza kama mwaka ujao nitakuja na miguu au na ratiba.