Bega la Baba wa Bibi Harusi

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi humpigia pasi na kumshonea vifungo; maneno namwachia yeye, maana anayo ya kututosha wawili.

Kwa watu wengi bega ni la kubebea mzigo, au la kulazia mtoto mwenye usingizi. Kwake yeye bega ni kutoka shina la shingo mpaka mkono unapoanzia, na hapo ndipo nguo inapoishi. "Bega likikaa," husema, "tumbo litajitafutia."

Basi hupima bega moja tu, la kushoto. Kisha hukunja kitambaa na kukata pande zote mbili kwa pamoja.

Siku moja jirani yetu, mchukuzi wa magunia sokoni, alikuja kujaribu koti la harusi ya bintiye, iliyokuwa kesho yake. Koti likaporomoka upande wa kulia kama mlevi. Magunia yalikuwa yamelishusha bega lile miaka mingi, nasi tuliomwona kila siku hatukuliona.

"Shemeji, kosa si lako," alisema, akilivua. "Bega langu ndilo bovu. Binti ataingia na mjomba wake. Mimi nitakaa nyuma."

"Ukae nyuma, wewe mkia?" mke wangu akamjibu. Akashindilia pamba kwenye bega la kulia. Likapanda, likalipita la kushoto.

Binti akaingia kumfuata baba yake. Alipomwona, alicheka mpaka akaishika meza.

"Baba, hilo bega la nani? Mrudishie mwenyewe!"

"Nataka nikupendezee, mama."

"Nipendezee ukiwa wewe. Hivi watu si wataniuliza nimekukodi wapi? Na mjomba simtaki, anatembea kama anafukuzwa na mbwa."

Mchukuzi akajaribu kununa, akashindwa. Kicheko kikamtoka, kikatuambukiza sote.

Mke wangu alitoa pamba, akafumua, akapima bega la kulia peke yake, akaushusha mshono mpaka pale bega lenyewe lilipo. Nikapiga pasi.

"Inua mikono," akamwamuru. "Haya, tembea."

Koti likatulia.

Kesho yake mchukuzi alimshika binti yake mkono, wakaingia ukumbini polepole. Kila penye watu alisimama ili walione koti, mbele na nyuma. Tulichelewa sana kula, na hakuna aliyelalamika.