Mama Balozi na Tofali la Foleni

Mama Balozi wetu wa Kariakoo ametutoka. Simu ilinikuta nachambua mchele, nikaliacha sinia palepale, nikakaa kwenye kizingiti cha jiko nikalia. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka. Ndivyo alivyokuwa mama yule, hukuweza kumkumbuka kwa hali moja tu. Kwa wasomaji wangu vijana niseme kwamba enzi za Ujamaa kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao, waliyemchagua wenyewe, na yeye ndiye aliyejua nani amehamia, nani mgonjwa, nani kapigana na nani. Mimi nilikuwa msichana kutoka Kilimanjaro, napiga taipu katika ofisi moja kule Posta, nimepanga chumba cha uani katika nyumba ileile aliyokaa yeye. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Umekula?" Kabla sijajibu, sahani ilikuwa mbele yangu, na maswali yakafuata: baba nani, kabila gani, kwa nini umekonda hivyo.

Ila alikuwa na hasira, jamani! Hasira ya kuwaka kama utambi uliochovywa mafuta ya taa. Wakati huo ndio kwanza amechaguliwa, na ule ubalozi ulimpanda kichwani kidogo. Alikuwa akipita mtaani na khanga yake mabegani, watu wananyamaza vibarazani. Tulimheshimu, ndiyo, lakini kwa kumwogopa, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajaijua tofauti.

Sasa sikilizeni kisa. Sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Ikisikika kwamba mzigo unakuja duka la ushirika, watu walitoka baada ya swala ya alfajiri kwenda kupanga foleni, lakini nani angesimama mpaka duka lifunguliwe na watoto hawajanywa uji? Kwa hiyo tulipanga vitu: jiwe, tofali, sufuria iliyotoboka, kandambili moja. Kila kitu ni mtu. Jiwe la fulani ni fulani, na kulisogeza ni sawa na kumshika mtu shingo na kumtoa mstarini. Wote tuliiheshimu foleni ile ya mawe, na kazi ya kuilinda ilikuwa ya balozi.

Asubuhi moja Mama Balozi alipofika kukagua, jiwe la mzee mmoja fundi viatu, lililokuwa la kwanza kabisa, lilikuwa mtaroni. Mahali pake palikuwa na tofali lenye alama ya mkaa, la mwanamke mmoja mgeni kutoka Kusini, mke wa kuli wa bandarini, aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Weeee! Mama Balozi alimwita mbele ya mtaa mzima. "Nani kakuleta mbele?" Yule mwanamke, mtoto mgongoni, akajibu kwa sauti ya chini, "Mama, wallahi mimi nililiweka kule nyuma." "Kwa hiyo limetembea? Tofali lina miguu?" Watu wakaangua kicheko. Mama Balozi akalipiga teke tofali likaangukia mtaroni, akamalizia kwa neno ambalo siku zile lilikuwa sumu: "Mlanguzi mkubwa wewe!" Mlanguzi alikuwa mtu anayeficha bidhaa adimu ili awauzie wenzake kwa bei ya kuwakamua, na kuitwa hivyo na balozi hakukuwa utani. Muuzaji akatangaza kwamba mzigo utashushwa kesho yake, tukatawanyika. Kufika mchana, mwenye nyumba alishamwambia yule mama afungashe, kwamba asubuhi asimkute, yeye hafugi walanguzi. Nilipotoka kazini nilimkuta amekaa barazani amejifunika khanga mpaka usoni, anamsubiri mumewe atoke bandarini amwambie kwamba hawana pa kulala.

Jioni hiyo nilikuwa bombani uani nafua, ndipo mdogo wake Mama Balozi, binti aliyekuwa anaolewa Jumamosi, aliponijia mbio. "Dada, yule mama hana kosa. Mimi ndiye niliyelisogeza." "Ulisogeza nini?" "Tofali letu. Nilitaka tupate sukari ya harusi. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, kumbe nimebeba la kwake." Ndugu zanguni, msichana kaiba nafasi, halafu nafasi yenyewe kampa mtu mwingine! Tofali lao wenyewe lilikuwa bado kule mkiani. Siku nyingine tungecheka mpaka tugaegae. Siku hiyo niliziacha nguo bombani, nikampeleka kwa dada yake akayaseme mwenyewe.

Mume wa Mama Balozi, mtu mpole, alimshauri mkewe kwa nia njema. "Mwite ndani myamalize kimyakimya. Kiongozi akijishusha mbele ya watu, nani atamsikiliza tena?" Mama Balozi akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Nimemtukana barabarani, halafu nikamwombe radhi chumbani?" Akatoka. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Alikwenda kwanza kwa mwenye nyumba na hakurudi mpaka yule mama amehakikishiwa chumba chake. Asubuhi, foleni nzima ikiwa imesimama, aliingia mtaroni kwa miguu yake, akalitoa lile tofali, akalifuta kwa ncha ya khanga na kulirudisha mahali pake pa haki. Jiwe la mzee akalirudisha mbele. La kwao akalisukuma zaidi nyuma, mwisho kabisa. Kisha akasema kwa sauti ileile ya jana, "Huyu si mlanguzi. Aliyesogeza ni mdogo wangu. Nami nilimhukumu bila kumuuliza. Mwenzangu, naomba unisamehe."

Sukari iliisha kabla ya kulifikia tofali la akina Mama Balozi. Harusini tulikunywa chai isiyo na sukari, na bwana harusi alikunja uso mpaka leo tunamtania. Yule mama wa Kusini alikuja na kimfuko cha sukari aliyofunga kwenye pindo la khanga, akaimimina yote kwenye birika la maharusi. Mama Balozi alimshika mkono, wakakaa mkeka mmoja.

Msidhani hasira iliondoka. Iliendelea kuwaka, ila sasa aliitafutia kazi. Ukimletea ugomvi aliagiza, "Nileteeni mbuzi," na tulijua ni ile mbuzi ya kukunia nazi. Anakaa, anakuna nazi mpaka kifuu kinabaki kitupu, na wagomvi wamesimama wanamtazama. Hapo ndipo anauliza, "Haya, wewe uliona nini?" Na alimuuliza kila mmoja. Watu wakawa wanakuja na kesi na nazi zao mkononi. Siku hizi viongozi wetu wanahudhuria semina za uongozi kwenye mahoteli, na sina ugomvi na semina. Nasema tu kwamba mimi nilimwona mtu akijirekebisha mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimtazama, na baada ya hapo tulimtii kwa kumpenda. Kila nilipopewa watu wa kuwasimamia kazini, nilimkumbuka yeye na nazi yake. Namshukuru sana.

Nimalizie msibani. Tulikuwa tumekaa mikekani, mwili unaoshwa ndani, mara akatoka bibi mmoja anajifuta mikono. Alikuwa yule mama wa Kusini, mzee sasa. Nikamwambia sikujua kwamba yeye ni ndugu. "Si ndugu," akajibu. "Ni wasia wake. Kazi hii unaona mwili wa mwenzio na kila aibu yake, na uliyoyaona unayazika. Aliniambia, 'Mimi nilikuaibisha mbele za watu. Siku yangu ikifika nisitiri wewe, maana najua hutanilipiza.'" Akakaa karibu yangu, akaanza kulia.

Basi akija mtu kuniomba kura, siulizi tena amesoma mpaka wapi. Namuuliza: yule uliyemkosea yuko wapi, na nikienda kwake, atasemaje juu yako?