Jina la Karis kwenye pikipiki ya mtu

Leo nimekuta jina la marehemu ndugu yangu kwenye pikipiki ya mtu nisiyemjua.

Nimeshuka tu steji ya Mukurweini kutoka Nyeri, naona nyuma ya pikipiki kumeandikwa kwa rangi nyekundu: KARIS WA MTEREMKO.

Hilo jina ni letu. Tulimpa kwa sababu alishuka mlima wa kwetu na baiskeli bila kushika breki. Alituacha akiwa bado chuo.

Sasa huyu mwenye pikipiki amelitoa wapi? Nikawaza mabaya yote. Ati labda kesho atakuja kudai yeye ni wa kwetu, apewe kipande cha shamba!

Nikamwendea. "Nani alikupa hii jina?"

"Ni mathe mmoja, kastoma wangu. Alileta rangi yake mwenyewe."

"Mama gani?"

Akaangalia viatu. "Alisema nisiseme. Lakini hapa steji mtu anaitwa vile pikipiki yake imeandikwa, kwa hivyo nimezoea."

Nikajua huyu ni mwongo.

Hapo hapo nikamwona mama yangu akitoka kusaga unga. Nikajificha nyuma ya ndizi za kuuza, sijui hata kwa nini.

Mama huyu, tangu tumzike Karis, alificha picha zake zote. Nyumbani hakuna mtu anathubutu kumtaja.

Akasimama kando ya barabara, akaita steji nzima ikasikia:

"Karis! Kuja unipeleke nyumbani!"

"Nakuja, Mama!"

Wameenda. Mimi bado niko hapa kwa ndizi.

Niambieni, nikifika nyumbani nijifanye sikusikia?