Kibao cha Wilberth

Mtaani kwetu San Román, hapa Campeche, mtu akifa kibao chake cha loteria, kile cha karatasi ngumu chenye picha, hakifungiwi kabatini. Anakichezea aliyebaki. Ndiyo maana kila Jumapili jioni Bi Eusebia Chablé alikaa barazani kwangu na vibao saba mbele yake: chake, cha mama yake, cha mumewe, vya dada zake watatu, na cha mwanawe Wilberth, aliyeuawa na pikipiki akiwa bado kijana.

Mimi ndiye mwita picha. Nachomoa moja, naitaja kwa sauti, na kila aliye nayo kwenye kibao chake anaiwekea punje ya mahindi. Anayejaza mstari anapaza sauti, "Loteria!" Asiposema kabla sijachomoa picha nyingine, mstari umekufa. Hapo sina huruma, hata kwa padri.

Enzi zake, Eusebia alivipitia vibao vyote kwa kutupa jicho mara moja, na nilipofunga mdomo punje zilikuwa zimeshatua. Wageni walidhani anaiba. Kisha uzee ukaingia. Niliona anaweka punje kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anasita, anarudi alikotoka, anauliza, "Umeita nini vile?" Alikwenda kupimwa macho, akarudi na miwani mipya na hasira.

"Daktari anasema macho mazima," aliniambia. "Na ni mazima, Hermelinda. Kiroboto wa paka wako namwona kutoka hapa. Kazi ni kushika. Zamani nilivishika vyote kichwani kwa pamoja. Sasa nikifika cha nne, cha kwanza kinanidondoka."

"Si upunguze, shoga?"

"Nimpunguze nani?"

 Baadaye mwenyewe aliwapunguza dada zake, akawapelekea mabinti zao vibao, mmoja baada ya mwingine, na kila mara alininunia utadhani mimi ndiye niliyewazika. Vikabaki vinne. Nikaanza kuita polepole, nikisingizia kikohozi.

Mwisho wa meza hukaa Nidelvia, aliyekuwa mke wa Wilberth. Aliolewa tena na dereva wa gari la mikate, mtu mpole asiye na neno na mtu. Tangu harusi ile Eusebia hakumsalimia. Wakitaka kupeana chumvi, ilibidi ipitie mikononi mwangu. Nilimwambia Eusebia mara nyingi kwamba mjane si mlinzi wa kaburi. Alinijibu nichunge jiko langu.

Jumapili moja nikaita, "Kengele, mwita watu asiyeingia kanisani!" Wakacheka kidogo, punje zikawekwa. Nimeshashika picha inayofuata, nikasikia, "Loteria!"

Alikuwa Nidelvia. Nikatazama kibao chake. Punje mbili tatu, zimetawanyika.

"Wewe, umelewa?" Chepo, jirani yangu, akamtania. "Mstari uko wapi, au umeuacha kwenye gari la mikate?"

Nidelvia hakucheka. Alikuwa amesimama, anamwonyesha Eusebia kidole. "Kule. Kibao cha Wilberth. Mstari wa tatu."

Tukageuka wote. Mstari ulikuwa umejaa, isipokuwa pale kwenye kengele. Eusebia alikuwa bado na punje mkononi, akihangaika na kibao cha mumewe.

"Nani kakutuma uangalie kibao cha mwanangu?" akasema.

"Sijawahi kuacha kukiangalia, mama."

 Sheria ni sheria, anayepaza sauti ni mwenye kibao tu, na mimi nilikuwa nimeshashika picha nyingine. Nikaichomoa. Mstari wa Wilberth ukafa mbele ya macho ya mama yake, na moyo unaniuma hadi leo. Eusebia alikusanya vibao vyake, akaenda nyumbani bila kunywa kahawa.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema. Hakuja kwenye kiti chake. Alikwenda mwisho wa meza, akaweka kile kibao mbele ya Nidelvia, na juu yake mfuko wa mahindi.

"Kishike wewe," akamwambia. "Mimi nitamdondosha."

"Mama..."

"Usinililie hapa. Kona hiyo imechanika, usiivute." Akanigeukia. "Na wewe na kikohozi chako, ita kama zamani. Unadhani sijui?"

Akakaa na vibao vyake vitatu. Kile cha Wilberth siku zote kilikaa mkono wake wa kulia, na pale hakusogeza kitu, pakabaki mbao tupu za meza. Nikaita haraka, kama alivyotaka. Alikwenda nami picha kwa picha, hakukosa hata moja.

Kisha ikatoka kengele. Kule mwisho wa meza Nidelvia akaweka punje yake. Huku Eusebia, akiwa ananitazama mimi, akanyoosha mkono wa kulia na kuweka punje juu ya mbao, palepale ambapo kengele ingekuwa.

Aliiona baadaye. Hakuiondoa.