Mama Alinyoosha Mikono Kupokea Hati

Hii aibu nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa nusu ya kanisa letu hapa Nakuru ilikuwepo, na kila mmoja anaisimulia kwa chumvi yake, afadhali muisikie kwangu.

Tulinunua nyumba kwa mkopo wa benki, na mimi, fundi wa magari ninayejiona mjanja, nikawa nahesabu malipo ya kila mwezi kama deni la duka: umekopa kiasi hiki, ukirudisha kiasi hiki mmemalizana. Siku malipo yalipofikia kile tulichokopa, nilicheka peke yangu chini ya gari la mteja. Wambui, mke wangu, akasema niulize benki kwanza, nikamjibu kwamba mtu haulizi wengine kama ameshiba (nikiwa na chapati mdomoni, Mungu anisamehe).

Haraka yangu ilikuwa kwa ajili ya mama. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba la mzungu kule Subukia, akaolewa huko huko, na kila shamba lilipobadilisha mmiliki yeye alifunga virago. Hakuwahi kushika hati ya ardhi yenye jina la mtu wake, nami nilitaka aishike akiwa hai. Basi nikaitisha maombi ya shukrani, nikamleta mama kutoka Subukia, nikakodi hema, nikachinja mbuzi, nikamwalika pasta na pia Bwana Kiprono, afisa wa benki aliyetushughulikia. Yeye nilimwambia tu aje tuishukuru nyumba, nikiamini mtu wa benki hawezi kuja mikono mitupu.

Baada ya sala nikashika maikrofoni, nikatangaza kuwa deni limekwisha na sasa Bwana Kiprono atamkabidhi mama hati. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama akasimama, akafuta mikono kwa leso, akavaa miwani, akanyoosha mikono yote miwili. Kiprono akanijia mbio, mfupa alioonjeshwa jikoni bado mkononi, akaninong'oneza, kumbe maikrofoni inasikia kila kitu.

"Boss, hiyo miaka yote mmelipa riba zaidi. Deni lenyewe limepungua kidogo tu. Hati iko benki mpaka mmalize."

Mama bado alikuwa amenyoosha mikono. Nilienda nikaishika mikono yake, nikamweleza kwamba riba hupigwa juu ya deni lililobaki, kwa hivyo mwanzoni, deni likiwa kubwa, riba ndiyo humeza sehemu kubwa ya unacholipa, na kwamba mimi sikuuliza. Nilitaka kusema pole, nikalia mbele ya watu wote, mzee mzima.

Mama akamgeukia Kiprono.

"Kijana, huyu akiendelea kulipa, kuna mtu anaweza kuja asubuhi aniambie nitoke?"

"Hapana, shosho. Akilipa, hakuna."

"Basi mimi nimepata yangu," akasema, akavua miwani, akaniambia nipanguse uso niwapakulie watu chakula.

Siku hizi silipi kabla ya kuuliza deni limebaki kiasi gani na riba imekula ngapi, hata kama pale benki wakiniona wanaguna, na maikrofoni nimewaachia wenye kazi yao. Mama naye hakurudi Subukia. Wiki iliyofuata alipanda mche wa avokado nyuma ya nyumba, yeye ambaye maisha yake yote alipanda mboga tu, kwa sababu mboga unaweza kuivuna kabla hujafukuzwa.