Kuni za Jangwani

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili tuelewane. Shule niliiacha darasa la nne, kwetu Kivu. Nimekulia kambini Tanzania, nikafika Louisville na koti la kuazima, na leo nina malori matatu ya kuhamisha vyombo vya watu na nyumba yangu mwenyewe hapa Beechmont. Watu wenye digrii wananiita bosi. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Kwa hiyo binti yangu alipoposwa sikushtuka. Harusi niliiweza. Kilichonishinda ni damu yangu mwenyewe.

Nina wadogo wawili. Dada yangu anakaa Kenmore, kule Buffalo, na kitinda mimba wetu anakaa Whitehall, pale Columbus. Kitinda mimba alimuuzia dada yake gari. Gari likazimika barabarani kwenye theluji, hata Kenmore halijafika. Dada akaandika kwenye kundi la familia kwenye simu, wajomba na wapwa wote wakisoma, kwamba ndugu yake ni mwizi. Yule akajitoa kwenye kundi. Miaka miwili hawakusemezana. Nilipowapigia kuhusu harusi, kila mmoja alijibu vilevile: mwenzake akiwepo, yeye asihesabiwe.

Sasa, kwetu bibi harusi hutolewa nje na shangazi yake, na wakwe hupokelewa na baba mdogo. Ukimkosa mmoja wao, wakwe watauliza, na swali la wakwe halina jibu fupi. Binti yangu alilia kwenye simu. Mimi si mtu wa kumwacha binti alie.

Nyumbani kwao nisingeweza kuwapatanisha, kwa sababu hakuna aliyekubali kukanyaga mlango wa mwenzake. Kwangu wangesema nimeegemea upande. Ndipo nikaukumbuka mji wa Tucson. Niliwahi kupeleka vyombo vya mteja huko, nikaona jiji limekaa katikati ya jangwa, milima imelizunguka pande zote, jua hata mwezi wa tatu. Huko hakuna theluji ya kukumbusha gari. Nikamwambia kila mmoja, "Umechoka, njoo tutembee siku chache, mimi nalipa." Habari za mwenzake sikumwambia yeyote.

Walikutana mbele yangu uwanja wa ndege. Dada amevaa jaketi la Buffalo, mkononi sanduku la barafu lililojaa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu. Kitinda mimba amevaa miwani ya jua. Akamtazama dada yake, akanigeukia. "Yaya, umenidanganya." Yaya kwetu ni mkubwa wako, na mkubwa hadanganyi, anapanga.

Safari ya mjini ilikuwa hivi. Kitinda mimba ameshika usukani, dada amekaa nyuma.

"Yaya, mwambie dereva apunguze. Mimi niko na watoto."

"Yaya, mwambie huyo mama, akiogopa ashuke atembee. Viatu iko navyo."

"Mwambie anajua sana kuwaacha watu barabarani."

Donc, nikawa mkalimani wa watu wanaosema lugha moja.

Nikawapeleka mitaa ya zamani katikati ya jiji. Nyumba za huko zimejengwa kwa udongo. Udongo kabisa, matofali ya kukaushwa juani, kuta nene, zimepakwa rangi ya waridi na ya samawati. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua akatuambia kwa fahari kwamba nyumba kama yake ni wenye pesa tu wanaoipata. Kitinda mimba akavua miwani. Kule kambini sisi wenyewe tulifyatua matofali kama hayo, tukakaa ndani yake, na mashirika yakatuonea huruma. Nikasema, "Tulikuwa matajiri, hatukuambiwa." Wote wawili wakacheka, kila mmoja akiangalia upande wake. Nikaona dawa imeanza kuingia.

Nyumba niliyokodi ilikuwa na jiko la mawe uani, la kuota moto. Dada akataka apike ugali hapo nje. Tukaingia dukani kutafuta kuni, tukazikuta zimefungwa kwenye plastiki, zina mpini wa kubebea, kama zawadi. Dada akasimama mbele yazo, akasoma bei.

"Kununua kuni?" akasema. "Mimi? Mama akisikia huko aliko atageuka kaburini."

Akatoka dukani. Ugali ukapikwa kwa umeme.

Kesho yake asubuhi tukaenda kupanda mlima, kwenye hifadhi nje ya jiji. Mimi nilivaa viatu vyangu vya kanisani, vile vya ncha, maana picha zingefika kwa ndugu zetu Goma na sikutaka wanione kama mtu aliyepotea porini. Njia ilikuwa ya changarawe, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Kila upande yamesimama madungusi marefu kuliko nyumba ya ghorofa, miiba mwili mzima, mikono imeinuliwa juu.

"Ona," kitinda mimba akasema, "hata hawa wameokoka."

Dada akaguna, lakini niliona shavu lake likiinuka kwa tabasamu.

Dungusi likifa, nyama yake huoza, ndani hubaki fito ndefu kavu, nyepesi, zimenyooka. Chini ya miti ya miiba nako matawi makavu yamelala tu. Watu wanapita na fimbo zao za kutembelea na chupa za maji, hakuna anayeinama. Dada akasimama.

"Yaya, unaona hii? Kuni bule! Na watu wanaenda kununua kwa plastiki!"

Akaokota moja. Akaokota ya pili. Inabidi mjue kwamba kule kambini kuni ndizo zilikuwa maisha yetu. Tulikwenda mbali, watatu, siku zote vilevile: mimi nakata, kitinda mimba anafunga, dada anabeba. Hakuna aliyefunga mzigo kama kitinda mimba. Ungeweza kuuviringisha kutoka kilimani usifunguke. Mikono yetu ilikuwa haijasahau. Mimi mwenyewe, mwenye malori matatu, nikajikuta navunja matawi kwenye goti.

Mzigo ukawa mkubwa. Dada akachana ukanda kwenye kitenge chake, akajaribu kufunga, fito zikateleza. Akajaribu tena. Akaniangalia nimwambie yule. Mimi nikainama na kiatu changu, ambacho kwa bahati soli yake ilikuwa imeanza kufunguka mdomo. Sikuinua kichwa.

Kisha nikasikia, "Wewe fundi wa kamba. Utasimama hapo mpaka lini?"

Kitinda mimba akaja. Akapiga magoti kwenye changarawe, akapanga fito nene chini, nyembamba juu, akazungusha ukanda, akakaza kwa mguu. Dada akaviringisha ngata kwa kitenge kilichobaki, akaiweka kichwani. Tukamtwika, wawili sisi, kama zamani. Tukaanza kuteremka. Wapandaji waliokuwa wanapanda wakatupisha njia, wengine wakapiga picha.

"Mzigo umeinama kushoto," kitinda mimba akasema nyuma yake.

"Unaona ajabu?" dada akajibu bila kugeuza shingo. "Wewe ndiye uliniuzia."

Nikafunga macho. Nikasema, bon, harusi imekufa. Halafu nikasikia kicheko cha kitinda mimba, kile cha utotoni, cha puani, na mzigo wa dada ukaanza kutikisika kwa sababu naye anacheka.

"Yaya," akamwambia, naye miaka miwili hakuwa amemwita hivyo, "ile gari ilinidanganya hata mimi. Mungu wangu ni shahidi."

"Ungelisema hivyo siku ile."

"Ulinipa nafasi? Ulishaandika!"

"Nitafuta."

"Wajomba wote walishasoma."

"Basi nitaandika ingine."

Kule chini kwenye maegesho alikuwa anatungoja mlinzi wa hifadhi, msichana mwenye kofia pana. Akatusalimia vizuri, akatueleza polepole kwamba hapo hakuna kinachookotwa, hata kikiwa kimekufa, maana wapo wadudu na mijusi wanaokaa ndani yake. Kibao cha kukataza kilikuwa mlangoni. Sisi tulipita tukipiga picha za viatu. Akauliza ni nani aliyekusanya.

"Mimi," dada akasema.

"Ni mimi," akasema kitinda mimba kwa Kiingereza. "Angalia kamba. Yeye hajui kufunga."

"Nyamaza, mimi ndiye nilibeba!"

Kule kambini askari walipotukamata ilikuwa hivyohivyo, kila mmoja anajitaja ili mwenzake asipigwe. Nikatoa kitambulisho changu. Nikamwambia msichana, hawa ni wadogo zangu, mkubwa ni mimi, andika jina langu. Akaniandikia faini. Tukarudisha kuni porini karibu na njia, na dada akazipanga vizuri, eti mijusi wasipate shida.

Jioni kitinda mimba akaenda dukani peke yake, akarudi na kuni za plastiki, kila mkono mzigo. Dada akamsema mpaka moto ukawaka. Tukala ugali na sombe chini ya nyota.

"Wakwe wanafika saa ngapi?" dada akauliza. "Nataka nimtoe mtoto kabla jua halijawa kali."

"Nitakuja kukuchukua Buffalo," akasema kitinda mimba.

"Na gari gani?"

Nilipiga simu Louisville hapohapo, nikampa binti yangu awasikie wanavyogombana.

Kwa desturi, mpatanishi huchinja mbuzi, na mbuzi mzuri hapa Kentucky hapatikani chini ya dola mia mbili. Mimi faini niliilipa kwa simu, nimekaa kwenye lori langu, nikaisoma mara mbili kuhakikisha: dola mia moja na thelathini.